Senda Berenson na Wakati wa Kubadilisha Mkufunzi: Maisha ya Mama wa Mpira wa Vikapu wa Wanawake

Utangulizi

Mnamo Januari 2020, baada ya walimu 3 kuuawa katika shule ya msingi ya Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Mjadala uliofuata ulihusu masomo ya darasani: nani angefundisha hisabati, nani angefundisha kemia, na watahiniwa wangeukabili vipi mtihani wa kitaifa. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo, kulikuwa na hasara nyingine iliyotajwa na wachache mno. Mwalimu anapoondoka shuleni huondoka na kazi zake zote, zikiwemo zile za jioni. Anayefundisha Kiswahili asubuhi mara nyingi ndiye anayepuliza filimbi uwanjani saa kumi. Akiondoka katikati ya muhula, timu ya wasichana hubaki na mpira mkononi bila wa kuielekeza.

Wakati wa kubadilisha mkufunzi wa timu ya wanawake, iwe ya shule au ya chuo, ni jambo linaloonekana dogo. Makala haya yanashikilia kwamba si dogo hata kidogo, na kwamba mtu mmoja aliyefariki zamani anaweza kutufunza mengi kulihusu. Mtu huyo ni Senda Berenson, mwanamke aliyeuleta mpira wa vikapu katika chuo cha wanawake kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Licha ya hayo, msomaji wa Garissa atakayeyafuata maisha yake atakutana na mambo anayoyafahamu vyema: uhamiaji, lugha ngeni, stara ya wanawake, mlango uliofungwa wakati wa mchezo, na mwalimu aliyelazimika kuwaachia wengine kazi aliyoianzisha.

Kuzaliwa na Kuhamia Marekani

Senda alizaliwa tarehe 19 Machi 1868 katika kijiji cha Butrimonys nchini Lithuania, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya dola ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la ukoo lilikuwa Valvrojenski. Mnamo 1875 familia ilihamia Boston, Marekani, na huko ikatwaa jina la Berenson. Baba alitafuta riziki kwa uchuuzi, akizunguka na bidhaa zake nyumba hadi nyumba. Watoto nao walitakiwa kujifunza lugha ya wenyeji upesi, kwani nyumbani walisema lugha moja na shuleni waliulizwa kwa nyingine. Tangu kambi za Dadaab zilipoanzishwa kuanzia 1991, maelfu ya watoto katika Kaunti ya Garissa wamepitia njia kama hiyo. Kwa hiyo hatuna haja ya kueleza sana uzito wake.

Kaka yake, Bernard Berenson, aliibuka kuwa mhakiki mashuhuri wa sanaa ya uchoraji ya Italia. Senda mwenyewe hakutarajiwa kupata umaarufu wowote, sembuse katika michezo. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye maradhi ya mara kwa mara. Alipenda muziki na alijifunza piano, lakini mgongo wake haukumruhusu kuketi kwa muda mrefu, akalazimika kuacha. Mnamo 1890 alijiunga na shule ya Boston iliyowaandaa walimu wa mazoezi ya viungo, iliyokuwa chini ya uongozi wa Amy Morris Homans. Alikwenda huko kutafuta afya. Mwanzoni hata mazoezi mepesi yalimchosha na kumuumiza. Hata hivyo, miezi ilivyopita mwili ulianza kuitikia, na pamoja na nguvu akapata imani iliyomwongoza maisha yake yote: kwamba mwili wa mwanamke si chombo cha kioo cha kufichwa kabatini, bali huimarika kadiri unavyotumiwa kwa busara.

Kufika kwa Wakati Ufaao

Mnamo Januari 1892 Senda alianza kufundisha elimu ya viungo katika Chuo cha Smith, chuo cha wanawake kilichoko Northampton, jimbo la Massachusetts. Wakati huo matabibu wengi wa Ulaya na Marekani walidai kwamba masomo mengi na mazoezi makali yangemdhuru mwanamke. Vyuo vya wanawake vilikuwa na haja ya kuuthibitishia umma kwamba binti angeweza kusoma na bado akabaki na siha. Mazoezi ya viungo yalihitajika, lakini wanafunzi waliyachukia kwa kuwa yalikuwa ya kurudiarudia: inua mkono, shusha mkono, geuka, simama.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, mnamo Desemba 1891, mwalimu mwingine aliyeitwa James Naismith alikuwa amebuni mchezo mpya mjini Springfield, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Northampton. Alitundika vikapu 2 vya matunda ukumbini, akatunga kanuni 13, akawapa wanafunzi wake wa kiume mpira. Habari za mchezo huo zilichapishwa Januari 1892. Senda alizisoma na mara moja akaona kwamba hapo palikuwa na dawa ya uchovu wa wanafunzi wake.

Hapa ndipo tunapoanza kuona nguvu ya wakati. Laiti angaliajiriwa miaka 5 mapema, mchezo haungalikuwapo. Laiti angaliajiriwa miaka 5 baadaye, yamkini mtu mwingine angaliuleta kwa namna nyingine. Chuo kilimpata mwalimu mpya, mgeni asiye na jina, wakati ule ule mchezo ulipokuwa mpya na hauna mwenyewe. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika Chuo cha Smith mgeni huyo alikuja na tiba kweli.

Mlango Uliofungwa

Tarehe 22 Machi 1893 Senda aliandaa mechi baina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wale wa mwaka wa pili. Wanahistoria wa michezo huihesabu kuwa mechi ya kwanza ya mpira wa vikapu ya wanawake wa chuo. Ukumbi ulijaa wanafunzi waliokuja na rangi za madarasa yao wakiimba na kushangilia. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Wachezaji walivaa suruali pana zilizokusanywa chini ya magoti, vazi ambalo lisingeonyeshwa hadharani, kwa hiyo mlango ulifungwa.

Mwanzo wa mechi ulikuwa wa mkosi. Senda alirusha mpira juu ili uanze kugombewa, na katika kurusha akaugonga mkono wa mchezaji wa kati wa mwaka wa kwanza, bega lake likateguka. Alitolewa nje, akaingizwa mwingine, na mchezo ukaendelea. Mwaka wa pili walishinda kwa 5 dhidi ya 4.

Mlango huo uliofungwa unastahili kuangaliwa kwa makini na wasomaji wa Kaskazini Mashariki. Mara kwa mara husikika hoja kwamba michezo ya wasichana haipatani na stara, na wengine hudhani kwamba suala hilo ni la Waislamu pekee au la Wasomali pekee. Maisha ya Senda yanakanusha dhana hiyo. Jamii ya Wakristo wa Massachusetts ya 1893 ilikuwa na wasiwasi ule ule, na mwalimu aliyekulia katika familia ya Kiyahudi aliutatua kwa kuuheshimu. Aliwapa wasichana vazi linalowaruhusu kukimbia, akawapa mahali pasipo na macho ya wanaume, kisha akawaacha wacheze. Hakusubiri jamii ibadilike kwanza ndipo mchezo uanze.

Takriban karne moja baadaye suala hilo lilikuwa bado halijaisha. Katikati ya miaka ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi lilishirikiana na kampuni ya Nike kubuni mavazi ya michezo yenye stara kwa wasichana wa kambi za Dadaab. Mnamo 2014 timu ya wanawake ya Qatar ilijiondoa katika mpira wa vikapu wa Michezo ya Asia mjini Incheon, Korea Kusini, kwa sababu wachezaji walitakiwa kuvua hijabu. Ni mwaka wa 2017 ndipo Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu liliporekebisha kanuni na kuwaruhusu wachezaji wafunike vichwa vyao. Kwa hiyo binti wa Garissa anayecheza leo akiwa na hijabu hana kanuni ya kimataifa inayomzuia. Anachokihitaji ni uwanja, mpira, na mtu wa kumfundisha.

Kanuni na Kitabu

Senda aliutazama mchezo wa Naismith akaona kwamba wasichana walinyang'anyana mpira kwa nguvu na kwamba mmoja aliyekuwa hodari aliweza kuuhodhi mchezo mzima. Akaurekebisha. Aliugawa uwanja katika sehemu 3 na kumtaka kila mchezaji abaki katika sehemu yake. Alikataza kumpokonya mwenzio mpira ulio mikononi mwake. Mchezaji hakuruhusiwa kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3 wala kuudunda zaidi ya mara 3. Matokeo yake ni kwamba pasi zikawa roho ya mchezo, na hata aliye dhaifu akapata kuugusa mpira.

Mabadiliko hayo yalienea, lakini kila chuo kiliyafuata kwa namna yake. Mnamo 1899 wataalamu wa elimu ya viungo walikutana Springfield, na Senda alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuzipatanisha kanuni za wanawake. Kuanzia 1901 kanuni hizo zilichapishwa katika kitabu alichokihariri yeye mwenyewe. Kuanzia 1905 hadi 1917 aliiongoza kamati ya kitaifa iliyosimamia kanuni hizo.

Jambo hili lisipite hivi hivi. Mkufunzi wa kawaida huweka ujuzi wake kichwani. Anapoondoka, ujuzi huondoka naye, na anayemrithi huanza upya. Senda aliutoa ujuzi wake kichwani akauweka kwenye karatasi, kisha akaikabidhi karatasi hiyo kwa kamati. Kufikia hapo, mchezo ulikuwa umeanza kuishi nje ya mwili wake.

Kuondoka

Mnamo 1911, akiwa na umri wa miaka 43, Senda aliolewa na Herbert Vaughan Abbott, profesa wa Kiingereza katika chuo hicho hicho cha Smith. Mwaka huo huo aliiacha kazi yake chuoni. Katika Marekani ya zama hizo, mwalimu wa kike aliyeolewa alitarajiwa kung'atuka. Mume aliendelea na kazi yake, na mke akaondoka.

Tukiutazama wakati huo wa mabadiliko, tunaona kwamba haukupangwa na mahitaji ya wachezaji. Senda hakuwa ameshindwa wala hakuwa amechoka. Ushahidi ni kwamba alikwenda kuongoza elimu ya viungo katika shule ya wasichana ya Mary A. Burnham, katika mji ule ule wa Northampton, na akafanya kazi huko hadi 1921. Chuo kilimpoteza mkufunzi wake bora kwa sababu ya desturi, wala si kwa sababu ya uwanja.

Je, mchezo ulikufa? La. Hapo ndipo ilipodhihirika thamani ya miaka 19 ya matayarisho. Wanafunzi aliowafundisha walikuwa wamekwisha kuwa walimu kwingineko. Kitabu kilikuwapo. Naye mwenyewe aliendelea kuiongoza kamati kwa miaka 6 zaidi baada ya kuacha kazi ya chuo. Kwa maneno mengine, aliondoka kwa hatua mbili: kwanza aliondoka chuoni, na baadaye sana ndipo akaondoka kwenye kanuni. Wakati wa hatua ya kwanza uliamuliwa na desturi. Baina yake na hatua ya pili alipata nafasi ya kuwaandaa wengine.

Senda alifariki tarehe 16 Februari 1954 huko Santa Barbara, California, akiwa na umri wa miaka 85. Mnamo 1985 aliingizwa katika Ukumbi wa Watukuka wa Mpira wa Vikapu uitwao kwa jina la Naismith, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Upande wa Pili wa Urithi

Haki inatutaka tutaje pia kasoro. Senda alipinga mashindano makali baina ya vyuo, akihofia kwamba tamaa ya ushindi ingeuharibu mchezo. Wengine waliichukua hofu hiyo wakaipeleka mbali. Mfano mmoja unatosha. Katika Chuo cha Delta State, jimbo la Mississippi, timu ya wanawake ilivunjwa mnamo 1932 kwa madai kwamba mchezo ulikuwa mzito mno kwao. Mmoja wa wachezaji waliopoteza timu yao alikuwa Margaret Wade. Timu haikufufuliwa hadi 1973, na aliyeitwa kuifundisha alikuwa Wade huyo huyo, akiwa na umri wa miaka 60. Timu yake ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo mara 3 mfululizo, 1975, 1976 na 1977. Mnamo 1985 Wade aliingizwa katika ukumbi ule ule pamoja na Senda. Alikuwa amesubiri miaka 41. Kizazi kizima cha wasichana wa chuo hicho hakikupata kusubiri naye.

Kadhalika, mgawanyo wa uwanja ulidumu kupita kiasi. Sehemu 3 zilipunguzwa kuwa 2 mnamo 1938, na ni mnamo 1971 ndipo wanawake wa vyuo vya Marekani walipoanza kucheza wachezaji 5 kwa 5 katika uwanja mzima. Kanuni iliyowalinda wasichana wa 1893 ilikuwa imewafunga wajukuu wao. Hili nalo ni somo: kitabu peke yake hakitoshi. Panahitajika watu wanaokielewa kiasi cha kujua ukurasa upi umepitwa na wakati.

Garissa na Somo la Senda

Turudi sasa Garissa. Mji huu unajua maana ya kuondoka kwa ghafla. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waliosalia walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na masomo hayakurejea Garissa hadi Januari 2016. Miaka minne baadaye ukaja uhamisho uliotajwa mwanzoni mwa makala haya. Hakuna mtu mwenye utu atakayemlaumu mwalimu aliyekimbiza roho yake. Wala hakuna atakayedai kwamba kifo na uhamisho vingesubiri mwisho wa msimu wa michezo.

Hata hivyo, maadamu hatuna uwezo wa kuuchagua wakati wa kuondoka, tunao uwezo wa kuchagua hali itakayokutwa siku hiyo. Mwalimu wa kike anayefundisha timu ya wasichana katika shule au chuo cha Kaskazini Mashariki anaweza kuondoka kwa sababu nyingi: ndoa, uzazi, uhamisho, masomo ya juu, au hofu. Timu isiyo na chochote ila yeye itakufa naye. Timu yenye daftari la mazoezi, nahodha anayejua kupanga wenzake, na binti mwenyeji aliyefundishwa kupuliza filimbi na kuamua mechi, itapepesuka lakini haitaanguka.

Mwenyeji ndiye msingi wa hoja hii. Chuo cha Walimu cha Garissa na Chuo Kikuu cha Garissa viko mjini humu humu. Binti wa Fafi, wa Ijara au wa Balambala anayesomea ualimu humo anaijua lugha ya wachezaji, anajua mzazi yupi wa kuzungumza naye kabla ya mechi, na anajua ni saa ngapi uwanja utakuwa na stara. Akipewa ukufunzi angali mwanafunzi, chini ya mwalimu mkongwe, siku ya mabadiliko haitakuwa msiba. Kuliacha jambo hili hadi mkongwe afungashe virago ni kuchelewa.

Hitimisho

Timu ya wanawake ya Kenya ilifika hadi mashindano ya dunia ya mpira wa vikapu nchini Australia mnamo 1994, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba mchezo huu ni mgeni kwa mabinti wa nchi hii. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba katika kila pembe ya nchi wapo wa kuufundisha, na kwamba anapoondoka mmoja, mwingine yupo tayari.

Maisha ya Senda Berenson yanaonyesha kwamba mkufunzi huwa na wakati mmoja tu ulio mikononi mwake, nao ni ule anaofanya kazi. Wakati wa kuingia alipewa na bahati, na wa kutoka alipangiwa na desturi. Kati ya hiyo miwili alikuwa na miaka 19, akaitumia kuandika kanuni, kufundisha walimu na kuunda kamati. Vyama vya michezo, wakuu wa shule na vyuo vya eneo hili wangefanya vyema kuuliza, mwanzoni mwa kila mwaka na wala si siku ya barua ya uhamisho: mkufunzi wetu akiondoka kesho, nani atakayeshika filimbi?